Hivi haya ya "mshamba" na "wa kuja" mtaacha lini?

Wakuu nimechoka, leo naongea. Mtu akikosea kidogo tu, mshamba. Kapiga picha kwenye ndege, ushamba huo. Kacheka kwa sauti, katoka bushi. Kaingia kwenye basi kasalimia watu wote, aah huyu wa kuja. Yaani hata salamu siku hizi ni kosa!

Ofisini kwetu kuna dada kaanza kazi juzijuzi, kichwa kweli kweli, ila kwa vile lafudhi ya kwao bado imo mdomoni wanamuigiza mpaka kwenye kikao na bosi naye anacheka, sasa hivi akiwa na hoja anaiandika kwenye karatasi anampa mwenzake aisome. Mtu mzima mmemfunga mdomo halafu mnasema utani. Utani gani huo, mbona yeye hajawahi kumtania mtu?

Na wanaoongoza kwa hii tabia wala sio waliozaliwa mjini, wengi wa hao hawana hata habari. Ni yule aliyeshuka kwenye basi mwaka jana, huyo ndo mkali, anawahi kumuita mwenzake mshamba kabla hajaitwa yeye.

Sio jambo jipya lakini. Enzi za misafara karne ya 19 watu wa pwani walijiita waungwana, wa bara wakawa washenzi. Wazungu nao hivyohivyo, lile neno lao villain, yule mtu mbaya wa kwenye muvi, ukilifuatilia mpaka kwenye Kilatini unakuta ni villanus, mtu wa shambani basi. Hakuiba, hakuua, alikuwa analima tu, ila wenye kalamu walikaa mjini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtihani wa ushamba anatunga mtu wa mjini na kusahihisha anasahihisha yeye. Wa kijijini akiogopa kupanda ngazi za umeme watu wanatoa simu wanamrekodi. Wewe ukienda kijijini ukapewa jembe, ukang'oa magugu pamoja na mazao, hakuna anayekuita jina lolote. Unaambiwa pole mgeni, unatafutiwa kiti kivulini.

Anayeona nakuza mambo aje, ila aje na hoja.