Naombeni ushauri: nianze na filamu ipi ya Éric Rohmer kwa watu waliozoea mapigano?

Uluguru_Juu:
Wakuu, habari za jioni.

Tuko wanne hapa Morogoro, tunakutana kila Jumamosi usiku kutazama filamu, na kila wiki mmoja anachagua. Wenzangu ni watu wa mapigano na zile za kutafsiriwa, DJ anaongea juu ya wahusika. Mimi mwenyewe nimekulia huko huko. Mwezi uliopita nikakutana na filamu ya mwongozaji Mfaransa Éric Rohmer, Ma nuit chez Maud ya mwaka 1969. Haina rangi. Nje theluji, ndani mhandisi mmoja Mkatoliki wa kushika dini amekwama usiku kwa daktari mwanamke aliyeachana na mumewe, na wanaongea. Pascal yule mwanafalsafa, ndoa, Mungu. Nilijua nitasinzia. Nilikaa wima mpaka mwisho, na kesho yake nikairudia.

Kuna pale jamaa anajiviringisha blanketi mwili mzima ndipo anajilaza kando ya Maud. Jioni nzima ameeleza kwa ufasaha msimamo wake ulivyo. Lile blanketi likanieleza mengine.

Jumamosi ijayo ni zamu yangu. Nataka wamjue huyu mtu, ila naogopa wakichoka siku ya kwanza ndiyo basi tena. Nianze na ipi? Na wakiniuliza "sasa hapa kimetokea nini?" niwajibu vipi? Maandishi ya Kiingereza chini ya kioo wanayasoma bila shida.

Nawasilisha.

BintiPangani:
Kaka, Maud iache kwanza. Wape Pauline à la plage ya 1983. Ni saa moja na nusu tu, ni kiangazi, ni ufukweni Normandy, na ndani yake kuna fitina ambayo mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya kupanga anaijua.

Kati ya 1981 na 1987 Rohmer alitoa filamu sita alizoziita Vichekesho na Methali. Hii ya Pauline inafungua na maneno ya Chrétien de Troyes, mshairi wa karne ya 12, kwamba mwenye maneno mengi hujidhuru. Sisi tunasema mdomo uliponza kichwa. Waambie hilo kabla hujabonyeza kitufe, halafu kila mmoja atafute ni mdomo wa nani ulioponza.

Usiku wa kwanza wanakaa sebuleni kwa Henri, kila mtu anatangaza mapenzi kwake ni nini. Marion, binamu mkubwa wa Pauline, anataka kuwaka moto. Pierre anaamini subira. Henri hataki kufungwa na mtu. Pauline, binti wa miaka 15, anasikiliza zaidi kuliko anavyosema. Muda uliobaki ni kuona kila mmoja akikanyaga aliyoyasema. Henri yuko chumbani na mwuza peremende, Marion, ambaye sasa ni mpenzi wake, anarudi ghafla, Henri anamsukumia kijana Sylvain, mpenzi wa Pauline, bafuni pamoja na yule dada ili aonekane ndiye mwenye kosa. Uongo ule unapita mdomo kwa mdomo, na kila anayeupokea anauongezea cha kwake. Wakikuuliza kimetokea nini, wewe warudishie: nani kasema kweli mpaka sasa?

Na DJ hapana. Ukimfunika mtu wa Rohmer sauti umemmaliza.

Mkweli_wa_Kilosa:
Mimi nitasema ninavyoona. Nimetazama tatu na zote ni watu wenye likizo ndefu na nyumba nzuri, hawana kazi ila kupima hisia zao. Mtu aliyerudi shambani saa kumi na mbili jioni atashika nini hapo?

Kivu_Mashariki:
Ndugu wa Kilosa, hoja yako ni ya haki, na Le Genou de Claire pale ziwani Annecy itakuudhi zaidi. Lakini tafuta Le Rayon vert ya 1986, iliyopata Simba wa Dhahabu kule Venice. Delphine ni karani wa ofisi Paris. Rafiki aliyepanga kusafiri naye amejitoa, na sasa anahangaika: Cherbourg, milimani, Biarritz. Kila mahali anaalikwa, na kila mahali yuko peke yake. Kule Cherbourg mezani wanamletea nyama, anasema hali nyama, basi meza nzima inamgeukia kwa maswali. Hawana ubaya, ni wakarimu kabisa. Yeye anatafuta maneno, anaanza sentensi, anaiacha, anaanza nyingine. Mimi nimeishi ugenini, ile meza naijua. Mazungumzo mengi waigizaji waliyatunga papo hapo, Marie Rivière anayeigiza Delphine mbele yao, ndiyo maana wanadakizana kama watu wa kweli.

Jambo moja kwa mleta uzi. Sisi wa Bukavu tunasoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kina "tu" ya watu waliozoeana na "vous" ya heshima. Kiingereza kinazimeza zote mbili ndani ya neno moja. Wape wenzako sikio la maneno hayo mawili tu. Watasikia nani amemsogelea nani kabla mkono haujanyooshwa.

Baraza_la_Alfajiri:
Vijana mmesema vizuri. Mimi naongeza moja: mtazameni anayesikiliza. Rohmer, jina lake la kuzaliwa Maurice Schérer, alikuwa mwalimu wa fasihi, kisha mhariri wa jarida la Cahiers du cinéma mpaka 1963. Muziki wa kukuambia uhuzunike hauweki. Mtu anaongea, kamera inabaki kwa mwenzake, na pale usoni ndipo habari inapopita. Subira yake nayo haikuwa ya kawaida: alisubiri mwaka mzima kumpata mwigizaji Trintignant kwa ajili ya Maud, kwa sababu lazima iwe Krismasi, na Krismasi huja mara moja.

Uluguru_Juu:
MREJESHO. (Ambaye hajaitazama Pauline asisome.)

Nilifuata ushauri wa dada wa Pangani. Dakika ishirini za kwanza walikuwa na simu mkononi. Sylvain aliposukumwa bafuni mmoja akasema "simamisha hapo", tukasimamisha, wakabishana mpaka chai ikapoa. Baada ya hapo simu sikuziona tena.

Sasa tumekwama mwishoni. Marion na Pauline wako ndani ya gari wanaondoka, Marion anapendekeza kila mmoja aamini lile linalompa amani. Pauline anajua ukweli wa Henri, na anakubali kwa utulivu kabisa. Wawili wetu wanasema huo ni uongo wa nne wa filamu, na mbaya kuliko wote maana umetoka kwa mtoto. Mimi na mwenzangu tunasema amemsitiri dada yake, na kwamba ndiye mtu pekee mle ndani aliyejua wakati wa kunyamaza.

Mzee wa Baraza, na dada wa Pangani, ninyi mnaonaje?