Tupeane uzoefu: umewahi kufuatilia babu yako alipigana wapi? Wangu alikuwa askari wa Uholanzi

Binti wa Chumbageni
Wakuu habari za jioni. Mama yangu mtu wa Tanga, baba alikuwa Mholanzi, na mimi naishi huku Uholanzi mwaka wa kumi na tisa sasa. Baba tulimzika mwaka jana. Katika kusafisha nyumba tumekuta bati la biskuti juu ya kabati: picha ya kijana mwenye kofia ya chuma, nyuma imeandikwa kwa penseli "Rhenen 1940", msalaba wa shaba wenye utepe, na kadi ya "8 R.I."

Ni babu mzaa baba. Alikuja Tanga mara moja tu, mimi nina miaka sita. Alishinda barazani akimenya viazi na bibi, na maganda hataki yatupwe, anayafunga kwenye gazeti. Bibi akawa anamcheka: mzungu mzima huyu ana njaa ya nini?

Nimeulizauliza. 8 R.I. ni rejimenti ya 8 ya askari wa miguu, nayo ilikuwa Grebbeberg, kilima cha hapo Rhenen, Wajerumani walipoingia Mei 10, 1940. Walipigana tarehe 11 hadi 13, wakafa Waholanzi zaidi ya 400 kwenye kilima ambacho ukikiona utasema ni tuta. Tarehe 14 Rotterdam ikapigwa mabomu, tarehe 15 Jenerali Winkelman, mkuu wa majeshi ya Uholanzi, akasaini kusalimu amri. Siku tano, kwisha. Mimi naumia na miaka mitano iliyofuata. Babu alikuwa wapi? Baba ama hakujua ama hakutaka kusema. Aliyewahi kufuatilia wa kwake, wa Ulaya au wa kwetu, atueleze alianzia wapi.

Mzee wa Mafaili
Anza na tarehe kamili ya kuzaliwa. Bila hiyo Waholanzi hawakusikilizi. Nilimfuatilia babu wa mke wangu, nikaandika Wizara ya Ulinzi, wakataka uthibitisho kwamba kweli alishafariki. Miezi mitano baadaye ikaja bahasha ya karatasi tatu. Moja ni ya meno.

Kidagaa
Karatasi ya meno, hahaha. Serikali ni serikali tu.

Shangazi Mkuu
Usianze na ofisi, mwanangu. Ofisi zitakuwepo kesho. Anza na mashangazi, wale wa miaka themanini na kitu, nenda na keki, kaa, nyamaza. Ukiwauliza moja kwa moja wanafunga mdomo.

Mlezi wa Wazee
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa nahudumia wazee hukuhuku, na mmoja alikuwa na ramani ya Java ukutani. Alipelekwa 1947 na wenzake, vijana wa kuandikishwa, kwenda kuizuia Indonesia isijitawale. Kwa jumla walipelekwa kama laki moja. Mchana ni mcheshi, ananifundisha maneno ya Kimalai: kopi ni kahawa, pasar ni soko. Usiku analia akiita jina la kijiji, na mimi nimemshika mkono. Serikali yao iliomba radhi kwa ukatili wa vita vile Februari 2022. Yeye alikuwa ameshakufa. Kwa hiyo dada usiishie 1945, kuna waliotoka vita moja wakaingizwa nyingine.

Mama Watatu
Samahani nitaandika kirefu, jambo hili limenikaa kooni.

Mume wangu ni wa huku. Hadithi ya ukoo wao: babu alichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi Ujerumani, akarudi amekonda, basi. Januari 2025 hifadhi ya nyaraka ya taifa iliweka wazi orodha ya waliofunguliwa faili baada ya vita kwa tuhuma za kushirikiana na Wajerumani, majina kama 425,000. Baba mkwe akasema mezani, "Katika nyumba hii hakuna anayetafuta." Mimi ni mtu wa Bukoba, ukiniambia usifungue chungu ndiyo umenipa mwiko. Saa nane usiku, mume amelala, nikaandika jina la ukoo na tarehe. Likatokea.

Kuwemo si kuwa na hatia, wengi walishukiwa tu wakaachwa. Nikajipa moyo hivyo hadi siku ya miadi kwenye hifadhi hiyo, Den Haag. Kupiga picha haikuruhusiwa, nikakaa na penseli na daftari la shule la mwanangu. Faili nene kama Biblia. Karatasi ya nne ni ombi lake la kujiunga na SS, jeshi la chama cha Hitler, 1941, umri miaka kumi na tisa, sahihi yake mwenyewe. Hakuna aliyemkamata. Alipelekwa uwanja wa vita wa Leningrad, Urusi, akarudi na vidole vya mguu pungufu, vile tulivyoambiwa vilikatwa na mashine ya kiwanda.

Kilichoniliza lakini si hicho. Ni barua ya mama yake kwa hakimu, kurasa mbili. Anasema kijana aligombana na baba yake akaondoka kwa hasira, na kwamba yeye kama mama alimfungia mkate wa safari bila kujua anamfungia safari gani.

Nilimwambia mume. Mume akamwambia baba yake. Baba mkwe hakukanyaga kwetu miezi mitatu, hata sikukuu ya kuzaliwa mjukuu. Siku akaja, akasimama mlangoni na koti lake, akauliza kitu kimoja tu: "Mwandiko wa bibi ulikuwaje?"

Kidagaa
Aisee.

Shangazi Mkuu
Pole mwanangu. Lakini mkwe alikukataza.

Mama Watatu
Alinikataza, ndiyo. Na watoto wangu ni damu yake pia.

Mkamba Halisi
Wasee, pole kwa yote, lakini sasa tunamlilia askari wa Hitler? Babu zetu walichukuliwa hapa kupigana vita vya wenyewe na hakuna aliyewawekea orodha ya kutafuta saa nane usiku.

Mlezi wa Wazee
Hakuna aliyemlilia. Soma tena.

Mkamba Halisi
Nimesoma. Ndugu ya babu yangu alikuwa askari wa mizinga, rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki. Februari 1944 wakapakiwa kwenye meli Khedive Ismail pale Mombasa, waende Ceylon (Sri Lanka ya leo) kisha Bama (Burma). Tarehe 12 manowari ya Japani ikaipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Karibu watu 1,300 walikufa. Mamake alingoja mpaka miaka ya sitini, kila Landrover ikipita anatoka nje. Jina tulilipata mnara wa makaburi ya vita, Ngong Road, herufi zimekosewa. Babu alilishika kwa kidole akasema, "Huyu ni yeye, mzungu hakujua kuandika."

Mzee wa Mafaili
Hapo kwenye herufi ndipo kazi ilipo. Karani aliandika alivyosikia. Tafuta jina kwa njia zote, jina la baba likiwa la kwanza, la kijiji likiwa la ukoo. Na tazama ukingo wa medali, wamechonga namba.

Nyota ya Bama
Si kweli mkuu. Hiyo ni ya vita vya kwanza. Nyota za Waingereza za vita vya pili walizipa watu tupu, hazina jina. Mimi ninayo ya babu hapa, tupu kabisa.

Mkamba Halisi
Na wapagazi wa vita vya kwanza je? Carrier Corps ndiyo hiyo Kariakoo mnakonunulia viatu. Wengi wao hata herufi za kukosea hawakupata.

Nyota ya Bama
Kweli. Ila wa vita vya pili wengine walijiandikisha wenyewe, babu yangu alitaka pesa ya mahari.

Mwana wa Lubumbashi
Wangu alikuwa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, alifika Saio kule Ethiopia 1941. Alibaki tu na wimbo mmoja wa kutembea. Ye mwenyewe hakujua maana ya maneno.

Mzee wa Mafaili
Tumemtupa mwenye uzi. Dada, msalaba huo wa shaba kama ni Mobilisatie-Oorlogskruis, yaani medali ya walioitwa jeshini wakati wa vita, ulianzishwa 1948 na waliupata wengi, mpishi kwa mpiganaji, usijenge ushujaa juu yake. Miaka yako mitano huenda ilikwenda hivi: mateka wa Mei 1940 waliachiliwa kabla mwaka haujaisha. Aprili 29, 1943 Jenerali Christiansen, kamanda wa jeshi la Wajerumani Uholanzi, akatangaza wote waliokuwa askari warudi utekani. Mgomo ukaanzia viwandani Hengelo ukaenea nchi nzima, na maelfu wakajificha mashambani badala ya kwenda. Kama alijificha, hutakuta karatasi. Ndiyo maana ya kujificha. Halafu ikaja baridi ya 1944, miji ya magharibi watu wakala vitunguu vya maua ya tulip, wakafa kama 20,000.

Binti wa Chumbageni
Maganda.

Nimempigia sasa hivi shangazi wa Ede, ana miaka themanini na nne. Nimetaja shamba tu, akaniuliza ni nani aliyeniambia habari za banda la nguruwe. Jumamosi nakwenda. Nipeni jibu moja, keki ya nini?

Shangazi Mkuu
Ya tufaha. Na usitoe daftari.

Mama Watatu
Toa daftari.