Mwanangu wa gredi ya pili hajui kusoma: tuisheni au arudie darasa?

MamaSwabra: Assalam aleikum wanajamvi. Kijana wangu ana miaka 7, tunakaa Kisauni, Mombasa. Shuleni wanafundishwa sauti za herufi kisha kuziunganisha. Wenzake washasoma hadithi, wangu bado anababaika. Jana usiku nilimsomea maneno ayaandike. "Shamba" ikawa "samba", "fagio" ikawa "pagio", "dirisha" ikawa "dirisa". Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Niliingia jikoni nikajifanya nakuna nazi. Nimwekee mwalimu wa tuisheni, au arudie gredi ya kwanza?

Bint_Kibokoni: Pole dadangu. Hawa watoto wanachanganywa na Kiingereza. Kiswahili ukishajua ba be bi bo bu, njia nyeupe. Kiingereza herufi 26, sauti 44 hivi, na "c" mara k mara s! Wangu aliandika "fon" badala ya "phone", nikamwambia masikio yako mazuri mwanangu, ila Waingereza ndivyo walivyo. Mrudishe kwenye silabi za Kiswahili kwanza.

Tuktuk_Bamburi: Sisi tulisoma kwa mkwaju na tukajua. Zima TV.

MamaSwabra: Mkwaju sitaki. Na TV hatazami sana, ila huifungulia sauti mpaka jirani anagonga ukuta.

Mwalimu_Mstaafu: Ngoja hapo. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi. Asiyejua herufi hukosea ovyo ovyo. Huyu m, b, d, r anazipata, anateleza kwenye sh na f tu, sauti za pumzi tupu. Anasikia vizuri?

MamaSwabra: Anasikia. Nikimwita huja.

Mwalimu_Mstaafu: Hata akiwa amekupa mgongo?

MamaSwabra: Samahani nimechelewa kujibu. Masikio yake hutoa usaha tangu Ramadhani ya mwaka jana, la kushoto zaidi. Hukauka, hurudi. Mama mkwe alisema ni maji ya bahari, tukawa tunatia mafuta ya nazi vuguvugu. Sikuandika kwa sababu niliuliza habari ya kusoma, si ya masikio. Na mwalimu wa tuisheni nishamlipa shilingi 3,000, anaanza Jumatatu. Ni mwalimu mzuri, siwezi kumwambia basi.

Sidanganyiki: Uzi huu umetungwa. Mwanzo hakuna sikio, sasa usaha mwaka mzima! Na mwezi uliopita wewe huyu huyu ulitushukuru kwa dua, kijana amehifadhi juzuu Amma ya Kurani. Asiyesikia huhifadhi vipi? Kuna mtu anatafutia tuisheni yake wateja.

Bint_Kibokoni: Acha hizo. Kakangu alikuwa na sikio bovu na hakuna aliyejua, alikuwa akimsoma maalim mdomo.

MamaSwabra: Wallahi situngi. Chuoni, yaani madrasa, maalim humkalisha mbele yake, goti kwa goti. Sasa hivi nimezima pangaboi, nikasimama nyuma yake, nikasema "shati" kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Mara ya tatu ndipo akauliza, "Sati gani, mama?"

Mwalimu_Mstaafu: Mafuta acha leo leo. Sikio linalotoa usaha huenda ngoma yake imetoboka, kwa hiyo usitie kitu ndani. Futa nje kwa kitambaa safi, likae kavu, na baharini asiingie. Kesho mpeleke hospitali ya Makadara, uombe apimwe usikivu. Mwambie mwalimu wake amkalishe mbele. Tuisheni haina ubaya, mradi amwone mwalimu mdomo: kwenye "f" meno ya juu hugusa mdomo wa chini, kwenye "p" midomo hufungana. Mtoto aone, aiguse kwa kidole, ndipo aiandike. Na kurudia darasa, usimtajie kabisa.

Tuktuk_Bamburi: Yale ya mkwaju nayafuta. Mamangu, kesho saa moja asubuhi nitakuwa Kisauni. Nawavusha Daraja la Nyali mpaka Makadara, nauli juu yangu.

Sidanganyiki: Mkirudi tuambie walisemaje.

MamaSwabra: Saa moja tutakuwa tumeshavaa. Lakini Jumatatu tuisheni iko pale pale.