Binti wa miaka 7 anaitwa "Masharubu" darasani

Swali: Wapendwa, malaika ya juu ya mdomo wa binti yangu ni meusi, wenzake wanamcheka. Sasa akiongea anaziba mdomo kwa kiganja. Nimnyoe?

Jibu: Pole mama. Mkague kwanza. Malaika laini ya kurithi hayana shida. Ila kabla ya miaka 8, akiota nywele nene kidevuni, kwapani au sehemu za siri, jasho likinuka kama la mtu mzima, au akirefuka ghafla, mpeleke kwa daktari wa watoto. Huenda homoni zimeanza mapema.

Jibu: Krimu za kuondoa nywele acha kabisa, zinaweza kuunguza ngozi changa. Akitaka mwenyewe, tumia mashine ndogo ya betri kwenye ngozi kavu. Kunyoa hakuzidishi unene; ncha iliyokatwa huwa butu, ndiyo maana hukwaruza zikirudi.

Jibu: Kunyoa peke yake hakutawanyamazisha. Mfundishe jibu moja fupi: "Ni nywele tu, hata wewe unazo," kisha aondoke. Fanyeni mazoezi nyumbani, wewe ukiigiza mchokozi, mpaka alitamke bila kutetemeka. Mwalimu wa darasa mweleze nani, lini na wapi. Ukimwambia tu "wanamwonea", atakaripia darasa zima na binti ataandamwa zaidi.