Walimu na wazazi wa Arusha na Moshi, mchezo gani unawashikisha watoto maneno ya Kiingereza? Tupeane uzoefu

Mwalimu_Pasua: Wakuu, nafundisha darasa la pili shule ya serikali hapa Moshi. Watoto wanabanana kwenye madawati. Wakiitikia kwa pamoja "this is a cup" utadhani wameelewa. Msimamishe mmoja peke yake, kimya.

Dawa yangu ni rede. Wawili wanarusha mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Nimeongeza sharti: kabla ya kurusha unataja neno la kundi la siku hiyo, tuseme matunda. Neno likishatajwa halirudiwi. Ukikwama, unaingia katikati wewe. Maneno hayazidi manane kwa kipindi. Waliokuwa wanajificha nyuma darasani, uwanjani ndio wenye sauti.

Leteni ya kwenu. Michezo ya simu hapana, shuleni hatuna.

MamaMapacha_Njiro: Bingo. Nakata boksi, nachora miraba tisa, picha wanachora wenyewe, nikitaja neno wanafunika picha yake kwa harage. Shida ya bingo mtoto anasikiliza tu, hasemi. Kwa hiyo kwetu mshindi ndiye anatangaza raundi inayofuata. Wanaigombania nafasi hiyo kuliko pipi. Maharage myahesabu, kuna moja liliishia puani kwa mtu 😂

Mstaafu_Sakina: Michezo sawa, lakini mtihani unaandikwa. Mtoto anatamka "knife" vizuri, kwenye daftari anaweka "naifu". Wanaandika saa ngapi?

Mwalimu_Pasua: Shikamoo mwalimu. Wanaandika hapohapo, kwa kijiti kwenye vumbi, kundi moja linasahihisha jingine. Daftari ni kesho yake.

Mvua za masika zikianza uwanja unakuwa tope, tunahamia ndani kwenye amri: "Teacher says touch your nose". Ni ule wa Waingereza wa Simon says. Nikiamuru bila "teacher says", hakuna kugusa. Ila anayekosea simtoi, maana wanaotoka mapema ni walewale wasioyajua maneno, halafu wanabaki kutazama wenzao wakijifunza. Namleta mbele, yeye ndiye anatoa amri tatu.

Mstaafu_Sakina: Marahaba. Hilo la kutowatoa nimelipenda.

Muuza_Nyanya_Kilombero: Mie si mwalimu, nina genge sokoni. Binti yangu na wenzake wanacheza duka kwa makopo na vizibo vya soda. Ukiomba kitu kwa Kiswahili, unaambiwa kimekwisha. Juzi nimeomba sukari nikanyimwa, na hela ya vizibo ninayo!

MamaMapacha_Njiro: 😂😂 Huyo atatajirika.

Swali langu: majina ya vitu wangu wanayashika upesi, vitenzi ndiyo balaa. "Jump" na "run" sawa, wanaruka na kukimbia kweli. "Think" na "know" mnavichezaje?