"Lugha kali" ni onyo lisiloonya kitu

Ndugu zangu, naanzisha uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Juzi nilikaa na mama yangu mzazi kutazama filamu iliyotanguliwa na onyo la "lugha kali", nikadhani ni matusi ya watu wanaogombana. Kabla robo saa haijapita, mhusika mmoja alikuwa amemkebehi mlemavu kwa ulemavu wake mara tatu, na wenzake wakamchekea. Mama anatembea kwa magongo tangu utotoni. Alijikokota akaenda kulala bila kusema neno.

Sipingi matusi katika filamu. Askari anayevuja damu hawezi kulalama kwa lugha ya mahubiri, na mtunzi anayemsafisha kinywa ananidanganya mimi mtazamaji. Ninachopinga ni mizani inayotumika. Huko Marekani, filamu ya daraja la PG-13, linalowatahadharisha wazazi wenye watoto chini ya miaka 13 na lililoanzishwa mwaka 1984, kwa kawaida huruhusiwa kutamka tusi zito la ngono mara moja tu. Likirudiwa, filamu hupandishwa hadi daraja la R, ambalo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, isipokuwa wapangaji madaraja waamue vinginevyo. Yaani tusi hilo linahesabiwa moja moja, ilhali neno la kumvua mtu utu wake halina hesabu kama hiyo! Watazamaji wenyewe wanapima tofauti kabisa: tafiti za Ofcom, msimamizi wa utangazaji wa Uingereza, za mwaka 2016 na 2021 zilionyesha kwamba matusi ya kawaida yanavumilika zaidi kuliko maneno yanayodhalilisha watu kwa rangi au ulemavu wao, na kwamba muktadha ndio unaoamua mengi.

Zamani angalau saa ilitulinda, kwani hata leo televisheni za Uingereza hutakiwa kungoja hadi saa 3:00 usiku kabla ya kurusha yasiyofaa watoto. Filamu za kulipia mtandaoni hutazamwa saa yoyote, hivyo maneno hayo mawili ya onyo ndiyo kinga pekee tuliyobakiwa nayo. Nilipowalalamikia wenye huduma, walinitumia maelekezo ya kuweka namba ya siri ili watoto wasione. Mama yangu ana miaka 71.

Waandike bayana kilichomo: matusi ya ngono, kashfa za rangi, kejeli kwa walemavu. Filamu wanayo, wameisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, na nafasi ya kuandika maneno mengine matatu ipo.