Mnatangaza kazi ya mtu anayejua jamii na takwimu, halafu mnamkata kwa sababu kasoma vyote viwili!

Wakuu, nimekaa na hili jambo moyoni nikaona litanipasua. Acha niliseme.

Chuo kimoja cha umma (jina naliacha) kilitangaza nafasi ya Mhadhiri Msaidizi wa kufundisha mbinu za kitakwimu na teknolojia katika sayansi za jamii. Majukumu yaliandikwa vizuri kabisa: kufundisha utafiti wa kijamii, uchambuzi wa data kwa kompyuta, ukusanyaji wa taarifa kwa simu na vishikwambi, kusimamia tafiti za wanafunzi. Shahada yangu ya kwanza ni Sosholojia, ya pili Takwimu. GPA walitaka 3.8 kwa ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, zote nimezivuka. Nikapeleka vyeti kwa wakili, vikagongwa muhuri, nikapakia kila kitu kwenye mfumo.

Jibu likaja mstari mmoja: shahada ya kwanza haiendani na ya uzamili. Hata usaili wa kuandika sikuitwa.

Rafiki yangu yeye alianza na Takwimu, uzamili akafanya Demografia (taaluma ya idadi ya watu). Kaomba nafasi hiyo hiyo, kakatwa kwa sababu hiyo hiyo. Sasa nani kabaki? Kuna aliyesoma Takwimu mwanzo mwisho, hajawahi kukaa kwenye mkeka wa mtu Kishapu na dodoso mkononi akaona swali la "mkuu wa kaya ni nani" linavyoleta kigugumizi pale mume yuko machimboni mwaka wa pili na anayelisha watoto ni mama mkwe. Au kuna wa Sosholojia mwanzo mwisho, ambaye hajawahi kufungua R, programu ya kuchambua takwimu. Wote nawaheshimu na wana kazi zao za kufundisha. Lakini kazi hii iliyotangazwa haikuwa ya mmoja wao peke yake, na tangazo lenyewe lilisema hivyo!

Anayeumia ni mwanafunzi. Niliwahi kufundisha kwa mkataba wa muda na kusaidia kusahihisha tafiti za mwaka wa tatu, na niliyoyaona hayajanitoka. Kuna kijana kaandika kwamba wastani wa hali ya ndoa ya wahojiwa wake ni 2.4. Alikuwa ameingiza kwenye SPSS, programu nyingine ya takwimu, hajaoa 1, ameoa 2, ametalikiana 3, mjane 4, akabonyeza, programu ikampa namba, akaiweka kwenye jedwali na kuieleza kwa aya nzima. Karibu katikati ya ndoa na talaka ni hali gani hiyo? Na kijana ana akili, nimeongea naye. Hakuna mtu aliyewahi kukaa naye kwenye kompyuta akamwambia kwamba namba zile ni majina tu, hazijumlishwi. SPSS alifundishwa ubaoni, ukumbi umejaa mpaka mlangoni, mwalimu anachora vitufe kwa makapeni.

Ndiyo maana sura ya nne, ile ya matokeo ya utafiti, inapelekwa stationery. Kila aliyepita chuo anajua hili. Nje ya geti kuna mtu mwenye laptop, unampa madodoso na hela, jioni unachukua majedwali yaliyokamilika. Mwanafunzi anasimama kutetea utafiti ambao hawezi kueleza jedwali lake hata moja, halafu kesho huyo huyo ndiye afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, anaandika taarifa inayopanga bajeti ya watu.

Na data zipo! Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na makarani walitumia vishikwambi. Utafiti wa afya ya uzazi na malaria wa mwaka huo huo, data zake zilitolewa bure kwa watafiti wanaojisajili. Ila akizifungua bila kuelekezwa ataharibu. Zanzibar ina watu 1,889,773, kama asilimia 3 ya nchi, lakini kwenye sampuli kaya zake ni nyingi kuliko uwiano huo, kwa sababu kila mkoa lazima upate kaya za kutosha kutoa jibu lake. Usipotumia uzito wa sampuli, yaani namba inayorudisha kila kaya kwenye uwiano wake halisi, unachokiita Tanzania kimevutwa upande mmoja. Kulifundisha hilo unahitaji hesabu, na unahitaji kujua kaya ya Pemba na kaya ya Geita zinatofautiana nini. Ongeza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: vijana wanakusanya majina, namba za simu na majira ya nukta (GPS) ya nyumba za watu, kisha faili zima wanalirusha kwenye kundi la WhatsApp.

Wakati huo huo, kuna mradi wa serikali wa elimu ya juu uitwao HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioanza 2021 ili kujenga madarasa na maabara vyuoni na kusomesha wahadhiri. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini maabara za kompyuta zikikamilika, nani ataingia kufundisha kama mchujo ndio huu?

Najua kuna watakaokuja kuniambia ni mwongozo, chuo hakina kosa. Tangazo lilisema fani zinazohusiana zinakubalika. Nani alikaa akaamua kwamba Sosholojia haihusiani na takwimu za sayansi za jamii? Kwenye meza ya kuchuja kulikuwa na hata mtu mmoja wa idara husika? Mtuite, mtupe faili la data na saa mbili, tulisafishe, tuweke uzito, tutoe jedwali, kisha tumweleze mwanafunzi wa mwaka wa pili mbele yenu. Nikishindwa hapo nitarudi nyumbani bila neno.

Nafasi haikupata mtu. Imetangazwa upya, maneno ni yale yale, masharti ni yale yale. Naomba tena, na safari hii barua ya malalamiko nimeipeleka masjala mwenyewe, nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kama kuna aliyewahi kukatwa kwa sababu ya shahada kutoendana, akakata rufaa na akasikilizwa, aje hapa aseme aliandikia ofisi gani na aliambatanisha nini. Na mliopo kwenye kamati za ajira vyuoni, mnausoma uzi huu, tujibuni.